Nilimjengea Baba Mkwe Ukuta wa Uyoga

Kosa ni langu. Sitamsingizia shetani, maana kwa jambo nililofanya hata yeye angeona haya. Wasomaji wenzangu, mtu alinipa binti yake nimwoe, nami nikamlipa kwa ukuta mbovu! Jina langu silitaji. Huku ninakokaa kila mtu ameshajua, lakini ninyi wa mbali angalau niwafiche sura.

Mimi ni seremala. Nafanya kazi kwenye mashine ya mbao ya shamba moja la mzungu, huku juu upande wa Sachangwan, si mbali na Molo. Kama hujafika huku, ujue kwamba ukungu huamka kabla ya watu. Mvua ikishika, shati uliloanika Jumatatu utalivaa bichi Jumapili. Viatu huota kuvu, unga hushikana, hata Biblia hunuka kama pishi la viazi. Nyumba isiyo na ukuta wa maana huku ni sawa na kulala nje, ila nje angalau unaona nyota.

Kwenye shamba hilo alikuwapo Mzee Zakaria, Mluhya mwenzangu, mzee wa kanisa, aliyeendesha ng'ombe wa plau tangu mimi sijaota meno. Alikuwa anakaa na mkewe, Mama Rasoa, katika kibanda cha nyasi kinachovuja, na kifua chake kilikuwa kibovu. Akikohoa asubuhi, mbwa wa jirani walimjibu.

Basi mwaka mmoja upepo ukaangusha mitarakwa miwili mikubwa kando ya mto. Yule mzungu mwenye shamba akamwambia mzee, kwa utumishi wako wa siku nyingi, chukua miti hii ujijengee nyumba ya mbao. Ilikuwa miti miwili tu, ya kutosha kuta za nyumba moja. Wivu ulienea shamba zima!

Lakini mzee hakuwa mtu wa kukurupuka. Alitaka kwanza kuwa na hakika ni ukuta gani unaofaa baridi na maji ya huku. Alikuwa na kisu kifupi cha kuchunia, na kila nyumba aliyoingia, kabla hata hajamaliza salamu, alikidunga ukutani. Alidunga nyumba ya nyapara. Alidunga kanisa wakati wa maombi, macho yakiwa yamefumbwa. Karani alimkuta siku moja akidunga choo chake, naye karani yumo ndani!

"Mzee, unatafuta nini?" karani akauliza.

"Natafuta ukweli," mzee akajibu. "Endelea tu na kazi yako."

Zaidi ya hapo, kabla ya masika alienda kwenye kinamasi kando ya mto akachomeka vitu vinne: kipande cha debe lililokunjuliwa, ubao wa mkalitusi, ubao wa saipresi na ubao wa mtarakwa. Akaviacha vinywe mvua yote. Masika yalipokwisha alituita watu kadhaa tushuhudie, nami nikiwemo. Debe lilikuwa limetoboka kama chekeche. Mkalitusi ulikuwa umejipinda kama pembe ya kondoo. Saipresi aliidunga, kisu kikazama hadi mpinini. Kisha akaudunga mtarakwa. Ko! Kisu kikamrudia.

Mzee akaunusa, akacheka peke yake. "Huyu ndiye," akasema. "Huu ukuta ndio utanizika mimi. Si mimi nitauzika."

Nami nilikuwapo siku hiyo kwa sababu ambayo haikuhusu mbao. Nilikuwa nikimtaka binti yake, Perisi.

Perisi si mtu wa kuzungusha maneno. Alikuwa amekiona kibanda changu cha mabanzi, kimeoza pembe zote, akaniambia wazi: "Mimi nakupenda, lakini kwa hii kitu yako siingii. Nimelelewa nikisikia Baba akikohoa. Sitaki kusikia mtoto wangu akikohoa."

Nikapeleka wazee wangu kwa mzee. Akawasikiliza, akawapa chai, kisha akaniangalia mimi. "Maneno ya kijana yako mengi," akasema. "Mimi nataka kuona mkono. Wewe ni fundi. Nijengee nyumba yangu na hiyo mitarakwa yangu. Ikisimama, tutaongea habari ya Perisi."

Jamani, hapo ndipo akili yangu ilipoanza kutembea upande!

Nilipasua ile mitarakwa kwa mashine. Mbao zilitoka nyekundu, nzito, harufu yake tamu hata mtu unataka kula. Nikazipanga nyuma ya mashine. Kando yake zilikuwapo mbao zangu mwenyewe, saipresi changa, mbichi, zile ambazo msimamizi alizikataa nikaomba nizichukue. Nikaziangalia hizi, nikaziangalia zile. Nikajiambia: kwani Perisi si mtoto wake? Akilala yeye kwenye mtarakwa, si ni kama baba yake amelala? Na wazee hawa wamebakiza miaka mingapi? Saipresi itawatosha!

Ona jinsi mtu anavyoweza kujidanganya huku akiwa na rula mkononi.

Nikabadilisha. Zile saipresi nilizipaka oili chafu ya trekta iliyochanganywa na udongo mwekundu, mpaka zikawa na rangi ya mtarakwa hasa. Harufu je? Nilichukua maranda ya mtarakwa, magunia mawili, nikayashindilia nyuma ya mbao, kati ya ukuta wa nje na wa ndani. Mzee alipoingia siku ya kwanza, nyumba nzima ilinukia! Akatoa kisu.

"Baba, mbao bado inakauka," nikamwambia haraka. "Ukiidunga sasa utaifungulia njia ya maji."

Akanitazama. Akakirudisha kisu mfukoni. "Wewe ndiye fundi," akasema. Kisha akapiga magoti palepale kwenye takataka za maranda, akamshukuru Mungu kwa ukuta, na akaniombea mikono yangu ibarikiwe. Nilisema amina. Nilisema kwa sauti kabisa.

Nampaka mzee mafuta kwa mgongo wa chupa, naye ananishukuru!

Sasa mitarakwa yenyewe ningeiweka wapi isionekane? Nilijenga nyumba yangu kwa mbao zile, zikabanana vizuri hata wembe haupiti. Kisha juu yake nikapigilia fito nyembamba, nikakandika udongo na mavi ya ng'ombe, nje na ndani. Ukipita unaona nyumba ya matope ya maskini mmoja. Mtarakwa wote uko ndani, umejificha kama binti wa mfalme aliyevaa gunia!

Tukaoana. Perisi akashangaa jinsi nyumba ya udongo inavyoshika joto. "Mikono yako kweli ina baraka," aliniambia. Mzee alipokuja kutuombea alizitazama kuta zangu kwa huruma. "Usijali, mwanangu," akasema. "Siku moja Mungu atakupa na wewe mtarakwa."

Nilikohoa ili nisicheke. Leo nikikumbuka silali vizuri.

Masika ya kwanza yalipita salama, maana oili ilikuwa bado mbichi. Masika ya pili, mambo yakaanza. Mbao za chini zilivimba. Zikalainika. Kisha, asubuhi moja, upande wa jikoni, ukutani kukachomoza uyoga. Na haukuwa mmoja, ulikuwa ukoo mzima!

Mama Rasoa, ambaye hakuna kitu anachotupa, aliuchuma, akaujaribisha kwa kuku, kuku akaishi, akaupika. Perisi akaniletea kwenye bakuli. "Mama amesema fundi aonje, umetoka kwenye ukuta wake." Nilikula. Ulikuwa mtamu, jambo ambalo liliniumiza zaidi.

Watu wakaanza kunong'ona kwamba mtarakwa hauoti uyoga. Mzee akanitetea! Kilichonivunja moyo ni kwamba alijilaumu yeye mwenyewe. Nilimkuta siku moja kwenye kinamasi, amechomeka upya vipande vyake vinne, miguu ndani ya maji ya baridi, anakohoa.

"Nilipima vibaya," akaniambia. "Labda mtarakwa wa huku mtoni ni wa aina nyingine. Macho yangu yamezeeka, mwanangu. Nimekupotezea kazi yako."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini nikaiona sura ya Perisi moyoni, nikafunga mdomo nikamwambia, "Baba, toka kwenye maji." Hiyo ndiyo huruma yote niliyokuwa nayo.

Baada ya hapo kifua chake kikawa kibaya sana. Alikuwa akikaa kitandani na blanketi mbili, ukuta unatoa jasho karibu na kichwa chake.

Kisha ikaja Jumapili ya ng'ombe. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekusanyika nyumbani kwa mzee alasiri, wanamwimbia mgonjwa. Nje ng'ombe wa maziwa wa shamba, yule mwenye pembe moja, akaja kujikuna ubavu kwenye ukuta. Akajikuna mara moja. Akajikuna mara ya pili, akaona raha, akaegemea. Ukuta ukaingia ndani mzima-mzima, pamoja na ng'ombe! Akina mama wakatoka kwa mlango, kwa dirisha, na mmoja kwa tundu lile la ng'ombe. Na maranda yangu ya mtarakwa yakamwagika sakafuni kama unga kutoka kwa gunia lililopasuka.

Ng'ombe alisimama katikati ya nyumba, akanusa sufuria ya chai.

Watu walicheka siku nzima. Mimi nilicheka nao. Lakini mzee sasa hakuwa na ukuta, mvua inanyesha, na daktari msaidizi wa Molo alikuwa amesema akilowa tena hatapona. Kuhamia shamba jingine bila barua ya bwana haikuwezekana. Perisi akasema, "Baba na Mama waje kwetu. Nyumba yetu ni kavu."

Na hapa, wasomaji, mila ikanishika shati.

Kwetu, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawalali chini ya paa moja. Hawali pamoja, hawapeani mkono, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Mama Rasoa alisema bora alale kwenye ghala la mahindi kuliko kulala nyumba ambayo mimi nimo. Lakini mzee alihitaji mtu wa kumuuguza usiku na mchana, na hao ni mkewe na bintiye. Wazee wakakaa, wakatafakari, wakakata shauri. Mzee, Mama Rasoa na Perisi watakaa kwenye nyumba yangu kavu. Na mimi?

"Wewe ni fundi," mzee mmoja akaniambia. "Nenda ukakae kwenye ile ya mkweo uitengeneze."

Mchimba kisima huingia mwenyewe! Nilibeba blanketi langu nikahamia nyuma ya zile saipresi.

Niliziba tundu la ng'ombe kwa magunia. Baridi ya huko, msiniulize! Maji yalikuwa yakitambaa kutoka chini hadi usawa wa kitanda. Nilikuwa nikiamka nywele zimelowa. Uyoga ulichomoza karibu na mto wangu, nikawa nauchuma kabla ya kunawa uso. Na kila nilipotaka kung'oa ubao uliooza niweke mwingine, nilijua mbao nzuri ziko wapi: zimemzunguka mzee, chini ya matope, na kuzitoa ni kujitangaza.

Siku za mwizi ni arobaini. Zangu zilikuwa zimefika.

Mzee akaanza kupata nafuu kwenye nyumba yangu. Kikohozi kikapungua, akaweza kuketi kitandani. Na mtu aliyezoea kudunga kuta, akipata nguvu kidogo afanye nini? Mchana mmoja Perisi akaja kwangu na chakula, na mkononi ana donge la udongo mkavu. Akaliweka juu ya meza.

"Baba amesema nikuletee hii."

Nikaligeuza. Upande wa pili palikuwa pameshikamana kibanzi chekundu. Sikuhitaji kukinusa, lakini nilikinusa.

"Amesema nini?"

"Amesema amedunga matope, na matope yamemrudishia kisu."

Nilikaa chini. Perisi hakukaa. Alizitazama zile mbao zilizooza, magunia, uyoga, kisha akanitazama mimi. Nilitamani anipige.

"Alikuwa anakufa," akasema. "Alikuwa anakufa na wewe unamwambia atoke kwenye maji."

"Perisi..."

"Nyamaza. Mimi nitarudi kulala kwako siku utamwambia Baba kwa mdomo wako. Usitume barua, wala usitume pasta. Mdomo!"

Nilienda Jumamosi. Mjinga mimi, nilisahau kwamba Jumamosi ni siku ya posho, na foleni ya unga hupita karibu kabisa na nyumba yangu. Tena singeweza kuingia, kwa sababu Mama Rasoa alikuwa ndani. Ilinibidi nisimame nyuma ya nyumba, uso kwa ukuta, nikiri dhambi yangu kwa matope.

"Baba," nikasema polepole. "Ni mimi. Nimekuja kuomba msamaha."

"Nani?" sauti ikatoka ndani.

"Mimi, Baba! Mkweo! Nilibadilisha mbao!"

"Sisikii! Ongeza sauti! Huu ukuta wako ni mzuri sana, haupitishi hata neno!"

Watu wa foleni wakageuka. Nikapandisha sauti. "NILIBADILISHA MBAO!"

"Mbao gani?"

"ZA MTARAKWA! NIKAKUWEKEA SAIPRESI!"

"Uliipaka nini?"

"OILI YA TREKTA, BABA!"

"Na harufu ilitoka wapi?"

"MARANDA! MAGUNIA MAWILI!"

Foleni ilikuwa imevunjika. Watu wamenizunguka na vikapu vyao, karani miongoni mwao, unga umesahaulika. Nina hakika mzee alinisikia tangu neno la kwanza! Lakini aliniuliza yote, moja baada ya jingine, nami nikayajibu yote kwa sauti ya mnadani, mpaka koo likakauka na machozi yakanitoka mbele ya watu.

Kisha mlango ukafunguliwa upande wa pili, nikamsikia Mama Rasoa akitoka. Hakuweza kusema nami, basi alisema na kuku.

"Wewe kuku," akasema, "mwambie huyo mtu kwamba uyoga wake nilikula bila kumshuku. Mwambie nilimwombea kila siku, mkono wake na ukuta wake."

Kuku hakuniambia kitu. Ningependa angesema yeye.

Ndipo mzee akazungumza, na sasa hakuhitaji sauti. "Mimi sihami," akasema kupitia kwa dirisha. "Huu ukuta niliuchagua nikiwa nimesimama mtoni. Umechelewa kidogo, lakini umefika. Wewe kaa kwa ule ulionichagulia."

Hayo yalikuwa mwaka juzi. Perisi alitimiza neno lake, akarudi kwangu siku ileile na jembe begani na sufuria kichwani. Tunakaa huku kwenye saipresi. Nang'oa ubao mmoja mmoja na kuweka mwingine kila ninapopata wa maana, na mvua inaozesha ule wa jirani yake kabla sijamaliza. Mzee hakohoi tena. Mimi nimeanza.

Kazi za nje nazo zimepungua. Huku sasa kila mtu ana kisu! Nikipigilia ubao, mwenye nyumba anaudunga kabla sijashuka kwenye ngazi. Wananiita Fundi Uyoga, hata kanisani.

Juzi tumepata mtoto wa kike. Mzee alikuja kumwona. Alipomaliza kumbariki akatoa kisu, akazunguka kuta zangu zote akidunga, na kila alipodunga kisu kilizama, nami nikainamisha kichwa. Kisha akatoka nje, akarudi na ubao chini ya kwapa. Nikautambua. Ulikuwa ule wa kwanza, wa kinamasini, mweusi kwa matope upande mmoja, mzima kabisa.

"Nimekuwa nikiuweka," akasema. "Pigilia pale anapolala mtoto."

Nilipigilia. Misumari minne tu, lakini nilikosa kila mmoja kwa sababu sikuwa naona vizuri.

Basi fundi mwenzangu unayesoma haya, na wewe unayemchagulia mzazi wako nyumba ukisema wazee hawabagui: kabla hujapigilia ubao, lala chini uweke kifua chako pale mwenye nyumba atakapoweka chake. Kaa hapo mvua moja nzima. Ukiona huwezi, usipigilie. Mimi ningemuuliza mtu, lakini nilikuwa fundi. Sasa usiku nikikohoa, binti yangu huamka, na mama yake humsogeza karibu na ule ubao wa mtarakwa.